Kitanda cha Tatu

Mchungaji alipofika kwenye ile sehemu ya wasifu wa marehemu iliyosema kwamba Baba ndiye mtu wa kwanza wa Zombe kuipeleka familia yake baharini kwa meli ya kitalii, watu walisema amina, na akina mama wa ushirika wakapiga makofi kidogo, yale makofi ya matangani yasiyotaka kusikika kama furaha. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele chini ya hema, kando ya Mama, na kama si adabu ya mahali penyewe ningesimama nikampokonya ile karatasi. Familia ipi? Mimi nilikuwa familia, na sijakanyaga meli hadi leo. Mama alikuwa familia, na bahari anaijua kwa televisheni. Kaka yangu Muthama alikuwa amekaa upande wa pili na miwani yake myeusi, taya zimemkaza, na nilijua anafikiria ninachofikiria. Baba alipanda ile meli peke yake. Nilimwinamia Mama nikamwambia, "Unasikia huo uongo?" Naye bila kunigeukia akasema, "Wacha waseme, Katunge. Huku kwetu mtu huoshwa mara mbili, mochari na kwa wasifu." Akarekebisha kitambaa chake kichwani, akaendelea kutazama mbele. Nilibaki nimeketi kwa ajili yake. Lakini nilikuwa na hasira ya kutosha kujaza kaburi lile, na hasira hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye mwaka wa meli, mwaka ambao nilikuwa na miaka kumi na sita na nilimchukia baba yangu kwa moyo wangu wote.

Baba alikuwa na hoteli ya chakula Mtito Andei, kando ya barabara ya Mombasa, na vyumba vichache vya kulala nyuma yake. Sisi tulikuwa nyumbani Zombe, huko Kitui. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akipitia Kibwezi na Ikutha na pikapu yake nyeupe, na honi yake tuliisikia akiwa bado njia panda. Honi hiyo haikuwa ya kutusalimu. Ilikuwa ya kumwonya Susu, nyanya yetu, mama yake Mama, ambaye alishinda kwetu kila siku Baba asipokuwepo. Susu ndiye aliyetulea. Ndiye aliyejua nani ana minyoo na nani amepigwa shuleni. Honi ikilia, aliweka chini chochote alichokuwa ameshika, hata kama ni mwiko uliojaa ugali, akajitanda leso yake na kutoka kwa mlango wa nyuma, akapita kwenye mbaazi hadi kwake ng'ambo ya kijito. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni haya, lakini si haya ya kuona aibu, ni haya ya heshima. Mwanamume na mama wa mke wake hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake kichakani. Wengi wa siku hizi wameilegeza. Susu hakuilegeza hata kidogo. Picha ya arusi ya wazazi wangu ilitundikwa sebuleni, na kila alipopita hapo aliinamisha kichwa, kwa hiyo hata kwenye picha hakuwa amemwona mkwe wake. Alimjua kwa kikohozi, kwa mwendo wa mbali, na kwa ile honi.

Habari ya meli ilianzia Mtito Andei. Meli kubwa za watalii zikitia nanga Mombasa, baadhi ya abiria hupandishwa magari kwenda kutazama ndovu Tsavo, na dereva mmoja alikuwa akiwasimamisha kwa Baba wajisaidie na kunywa soda. Walikuwa wazee wa Kizungu wenye kofia, na kila mmoja alining'iniza kadi shingoni. Mmoja alimweleza Baba kwamba kadi hiyo inafungua mlango wa chumba, na kwamba huko melini unakula kuanzia asubuhi hadi jioni na hakuna mtu anakuuliza kitu. Kwa mtu aliyeshinda akibishana na madereva wa malori juu ya chapati waliyokula na chapati wanayokana, hiyo ilikuwa habari njema kuliko ya mchungaji. Alikuja nayo nyumbani mwisho wa Januari. Nakumbuka meza. Mama alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na Baba alikuwa ameleta mguu wa mbuzi kutoka Kibwezi. Alisubiri tuanze kula, kwa maana alipenda watu wamsikilize wakiwa na chakula chake mdomoni.

"Desemba tunapanda meli," alisema. "Sisi wote."

"Ferry ya Likoni?" Muthama akauliza. Alikuwa amemaliza shule Novemba iliyotangulia, na kila alichosema mwaka huo alikisema akitafuta ugomvi.

"Wewe unajuanga nini? Nimesema meli. Iko na ghorofa kushinda zile za Nairobi. Inaenda Zanzibar, inaenda Komoro, mpaka Shelisheli, na wewe uko ndani unakula tu."

"Na mbuzi watachungwa na nani?" Mama akauliza. Lakini nilimwona akiinama kuficha uso, na nikajua amefurahi. Miaka yote hiyo walikuwa wameishi yeye huku, Baba kule, na sidhani kama walikuwa wamewahi kukaa pamoja wiki nzima tangu nizaliwe. Kesho yake Baba alipoondoka, alienda moja kwa moja ng'ambo ya kijito kumweleza Susu, akarudi akiimba. Susu alikuwa ameuliza swali moja tu, kama maji ya baharini yana chumvi kweli au ni maneno ya watu.

Likizo ya Aprili tulienda Kitui mjini kukutana na dada wa ofisi ya safari, msichana wa Mombasa aliyejitanda mtandio wa kijani na kubeba kompyuta yake ndani ya mfuko wa ngozi. Baba alituketisha kwenye hoteli nzuri ya ghorofani, akaagiza kuku na chipsi, akasogeza sahani ili kompyuta ipate nafasi. Yule dada aliongea Kiswahili laini hata Mama akaona haya kumjibu. Alituonyesha bwawa la kuogelea, jumba la sinema, meza za chakula zisizo na mwisho. Kisha akatuonyesha chumba cha familia. Kilikuwa kidogo kuliko jikoni yetu. Kulikuwa na kitanda cha wawili, na juu yake, kutoka kwenye dari, vilishuka vitanda vingine viwili vidogo.

"Baba na mama hapa chini," alisema, "na watoto hapa juu. Asubuhi mnavirudisha darini, chumba kinakuwa sebule."

Baba alipiga makofi. Muthama alisukuma sahani yake.

"Mimi nilale juu ya kitanda cha Mama?"

"Pazia lipo, kaka. Usiwe na wasiwasi."

"Si mambo ya pazia," Muthama alisema, na sauti yake ilipanda hadi watu wa meza ya jirani wakageuka. "Mimi niko na nyumba yangu huko kwetu. Mlango wa chumba cha wazazi sijauvuka tangu nitahiriwe. Sasa mnaniambia niwe nang'ang'ania dari kama popo, na wao hapo chini?"

"Wazungu wanalala hivyo na hawafi," Baba akasema.

"Si waende wao basi."

Yule dada maskini alifunga kompyuta nusu, akaifungua tena. Kwao pwani nadhani mambo kama haya yapo, kwa maana hakubishana. Alisema vipo pia vyumba vya vitanda vitatu, kwa hivyo tungeweza kuchukua viwili, cha wanaume na cha wanawake. Baba alinung'unika kwamba mtu hapandi meli na mkewe ili walale mbalimbali kama bweni la shule. Lakini Muthama alikuwa amekunja mikono, na Baba alimwogopa kidogo mwanawe tangu ampite urefu. Akakubali. Hapo ndipo Mama alipofuta vidole na kitambaa, kimoja kimoja, akasema, "Hicho kitanda cha tatu cha wanawake ni cha mama yangu."

Baba alicheka. Alidhani ni mzaha. Alipoona ni yeye peke yake anayecheka, aliacha.

Kutoka siku hiyo hatukupanga safari tena, tulipanga vita. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na chetu kilianza kwenda mrama kikiwa bado nchi kavu, huko Kitui ambako hata mto una maji kwa msimu. Mama alisema bila mama yake haendi. Baba alisema mama mkwe akipanda, yeye hapandi. Kila mwisho wa mwezi chakula kiliwekwa mezani na maneno yakaanza kabla ya sala kuisha. Mimi na Muthama tulikuwa upande wa Mama, na tulikuwa wakali kuliko yeye.

"Huyo mama amelea watoto wako," Mama alikuwa akisema. "Amewabeba, amewaogesha, na kila ukija anatoka na mlango wa nyuma kama mwizi. Sasa kuna kitu kizuri, mara moja tu katika maisha yake, na umwache hapa achunge mbuzi?"

"Nani amesema namchukia? Mimi namheshimu."

"Heshima gani hiyo ya kumnyima?"

"Mama Muthama, sikiza. Hapa nikikutana na yeye njiani, kuna kichaka. Nampisha, yaishe. Sasa huko baharini nitampisha wapi? Niruke?"

Aliendelea kwa miezi. Kule kwenye ujia wa vyumba watu wanapita kwa ubavu. Kule kwenye lifti mlango ukifunguka utamkuta nani? Siku moja alifika hadi kwenye bwawa la kuogelea, na Mama alipomwambia asivae kaptula basi, aliinuka mezani akaenda kumalizia chai yake ndani ya pikapu. Leo ninaona kwamba kulikuwa na ukweli katika maneno yake, na ukweli huo haunipunguzii hasira hata kidogo. Baba alikuwa ameacha kila mila iliyokuwa nzito kwake. Hakuja kulima, hakuja kwenye vikao vya ukoo, mazishi alituma rambirambi kwa simu. Mila moja tu ndiyo aliyoibakisha, na ikawa ndiyo inayomziba njia Susu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na tayari nilijua kunusa mtu anayeokota mila kama anayechagua nyanya sokoni.

Susu mwenyewe hakuulizwa na mtu. Mama alimpeleka kupiga picha ya pasipoti, akapigwa akiwa amekunja uso kana kwamba mpiga picha anamdai mbuzi. Alidungwa sindano ya homa ya manjano, mkono ukavimba, akamwonyesha uvimbe huo kwa fahari kila aliyepita. Jioni nikimsaidia kuchambua pojo kwake, alikuwa akiniuliza kama watu wa melini wanakoroga uji asubuhi, na kama kuna mahali pa kuota jua. Hakusema anataka kwenda. Lakini alinunua viatu vya raba, vyeupe, na kuviweka juu ya kabati vikiwa ndani ya karatasi yake. Nilipoviona viatu hivyo niliapa kwamba atapanda, hata ikibidi Baba abaki ufukweni akitupungia mkono.

Likizo ya Agosti nilienda Mtito Andei kumsaidia Baba hotelini, nikisema ni kumsaidia. Nilikuwa nimeenda kumpiga vita kwake. Jikoni kulikuwa na moto na kelele, na mpishi wake, mama mnene kutoka Makindu, aliniona tu mlangoni akapaza sauti, "Haki, huyu si ni mzee mwenyewe na rinda! Shilingi kwa ya pili!" Madereva wakageuka wakacheka. Kila aliyeingia alisema hivyo hivyo, paji la uso ni la Baba, pua ni ya Baba, hata kununa ni kwa Baba. Nilikuwa nachukia kuambiwa hivyo kuliko kitu kingine chochote duniani, na kule niliambiwa asubuhi na jioni. Nikikata sukuma wiki nilimsikia Baba huko mbele akiwapa madereva habari za meli. Alisema "mimi na familia yangu." Alisema "mke wangu anapenda bahari sana." Dereva mmoja alimwuliza kama tutatapika, naye akasema watu wa kwake hawatapiki.

Kisha gari la watalii likaja. Baba alitoka kuwapokea akiwa amevaa kaptula. Bibi mmoja wa Kizungu, umri wa Susu kabisa, alitaka picha, na Baba akamkumbatia bega, akamwita "mama", akacheka hadi magego yakaonekana. Nilisimama mlangoni na kisu mkononi. Gari lilipoondoka nilimfuata hadi kwenye ghala la soda nikamwambia yote. Nilimwambia mtu anayekumbatia mama wa watu na kaptula hana haki ya kusema nthoni. Nilimwambia wazee wanasema njia ya kulegeza ipo, mtu anapeleka mbuzi na blanketi kwa mkwe wake, watu wanakula, haya inapungua, na kwamba mbuzi tunao na blanketi ziko dukani, kwa hivyo anangoja nini. Nilitegemea kofi. Baba aliketi juu ya kreti.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Katunge, mimi nimekosana na kila mtu. Ndugu zangu, unajua. Mama yako, unaona. Muthama hataki hata kunisalimia. Wewe umetoka Zombe na kisu kuja kunitukana." Akafungua soda na meno, tabia ambayo Mama aliichukia. "Huyo Susu wako ndiye mtu peke yake hapa duniani sijawahi kukosana naye. Hata siku moja. Na wewe unataka nikae na yeye wiki nzima ndani ya bati moja?"

"Hamjakosana kwa sababu hamjawahi kuonana."

"Si ndiyo nasema."

Nilirudi jikoni nikiwa nimekasirika zaidi, kwa sababu alikuwa amesema maneno hayo kwa upole. Niliyachukua kama ujanja. Nyani haoni kundule, nilijiambia, na mzee huyu haoni kwamba aliyekosana na watu wote ni yeye mwenyewe. Niliporudi Zombe nilimweleza Mama. Aliendelea kumenya viazi kwa muda, halafu akasema, "Basi watafanya mazoezi."

Mazoezi hayo ndiyo yaliyotumaliza. Mama aliamua kwamba mwisho wa Oktoba, Baba akija, Susu hatatoka. Atakaa ndani ya nyumba, chumba changu, kana kwamba nyumba ni meli. Watakula kwa zamu, Susu kwanza, Baba baadaye. Muthama aliazima filimbi ya vijana wa kanisa, na kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya ujia na kuipuliza mmoja akitaka kupita, ili mwingine arudi chumbani. Wakiweza siku mbili Zombe, Mama alisema, wataweza wiki moja baharini. Baba alikubali, nadhani ili aonyeshe kwamba haiwezekani. Susu alikubali kwa sababu binti yake alimwomba akilia. Alikuja Jumamosi asubuhi na viatu vyake vyeupe, akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, leso hadi kwenye nyusi, mikono mapajani, mfano wa mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Mwanzoni ilikwenda vizuri hata ikawa na raha. Filimbi ililia, milango ikafungwa na kufunguliwa, na Muthama kwa mara ya kwanza mwaka huo alikuwa anacheka. Susu alikula, nikaondoa vyombo. Baba alikula. Akasema kwa sauti, akiongea na ukuta, kwamba kuku ni mtamu na aliyemfuga abarikiwe, na kutoka chumbani kwangu Susu akakohoa kidogo, kumaanisha amesikia na anashukuru. Mama alinishika mkono chini ya meza. Nakumbuka joto la mkono huo. Tulikuwa tumeshinda, nilidhani. Nilishaanza kufikiria nguo nitakazobeba.

Halafu mvua ikaanza, ya kwanza ya msimu, na Susu akakumbuka kwamba ameacha maharagwe yake nje. Hakutaka kusumbua mtu wala kupigiwa filimbi. Mlango wa mbele ni wa mwenye nyumba, kwa hivyo yeye aliteleza kimya kimya kuelekea mlango wa nyuma, mlango wake wa miaka yote. Baba naye wakati huo huo alikuwa ametoka mbio kufunika pikapu, akakumbuka turubai liko ndani. Akajiambia, kama alivyokuja kumweleza Mama baadaye, kwamba leo mama mkwe ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hapiti nyuma. Mlango wa mbele leo ni wake. Kwa hivyo akamwachia, akazunguka nyumba kwenye mvua ili aingie achukue turubai kwa mlango wa nyuma. Walikutana kizingitini, kifua kwa kifua, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Nilikuwa jikoni nikaona yote. Baba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume, akageuka akaruka ua wa kuku, mlango wa banda ukamshinda, akaingia kwa dirisha lake miguu ikibaki nje. Susu aliketi chini pale pale, kwenye tope, akavuta leso ikafunika kichwa chote. Filimbi ya Muthama ililia wakati huo, ikiwa haina kazi tena. Mama aliangua kicheko, kile kicheko cha mtu aliyeshtuka. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Kuku walikuwa wanapiga kelele, Baba yuko ndani yao, na Susu chini ya leso alikuwa analia. Nilimwinua. Viatu vyeupe vilikuwa vimejaa tope hadi kwenye kamba.

"Umemwona?" nilimwuliza, mjinga mimi.

"Nimeona viatu vyake tu," alisema. Halafu akamgeukia Mama, bado amefunikwa, na kumwambia kwa Kikamba maneno ambayo Mama huyarudia hadi leo: "Mmetuchezea kama watoto. Mimi na huyo mtu tumefanya kazi miaka hii yote, na nyinyi mmeifanya mpira." Akashika njia ya mbaazi kwenye mvua ile, na jioni alituma neno kwamba haendi. Mkwe wake aende na watu wake. Yeye hawezi kumnyang'anya mtu bahari yake.

Mama alisema basi hatuendi hata mmoja. Muthama akasema hakuwa anataka. Mimi nilisema mengi, na niliyasema Baba akiwa amesimama mbele yangu na manyoya ya kuku kwenye nywele. Alisema tu, "Basi mimi nitaenda." Tulidhani ni hasira. Desemba ilipofika alifunga hoteli, akaenda Mombasa, akapanda. Krismasi tulikula ng'ambo ya kijito, nyumbani kwa Susu, na mtu aliyetaja meli alikanyagwa mguu chini ya meza. Aliporudi alikuwa amenenepa kidogo na ameungua pua. Mama alimwekea chakula. Hatukumwuliza kitu, naye hakusema kitu. Picha zake alizitundika hotelini, yeye na sahani, yeye na bahari, yeye na bwawa, na watu wa Zombe waliokuwa wakipita Mtito Andei waliziona wakadhani sisi tuko nyuma ya kamera. Hakuwasahihisha. Huo ndio uongo uliosafiri miaka yote hii hadi ukafika chini ya hema mbele ya mchungaji, ukavishwa suti.

Muthama alihamia Mwingi mwaka uliofuata, akafanya biashara ya mbuzi, na Baba alimwona kwa nadra. Mimi nilisoma, nikaolewa, nikarudi, nikaolewa tena. Nimeambiwa na mchungaji, na marafiki, na mume wangu kwamba kifo husafisha. Nilisimama juu ya lile jeneza, nikamtazama kupitia kile kioo kidogo, na sikusikia kitu kimesafishwa. Angeweza kusema neno moja tu Oktoba ile, "Tungoje," au "Mwaka ujao," na hakulisema. Alipanda na kutuacha, na alikuwa na vitanda vitatu vya kulalia peke yake. Sijamsamehe, na ninaandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Watu walipomaliza kupita mbele ya jeneza, nilimtafuta Susu. Umri umemwinamisha sana sasa, lakini masikio ni mazima. Alikuwa ameketi nyuma ya jikoni, mahali ambapo wanawake walikuwa wakipakua pilau, kiti amekigeuza kutazama mbaazi, mgongo umeelekea hema. Hata maiti alikuwa anaipisha. Nilichuchumaa mbele yake nikamshika magoti.

"Wanashusha saa hii, Susu. Unataka kuja?"

"Nije wapi? Kaa hapa." Alisikiliza wimbo uliokuwa ukiimbwa, akingoja ubeti uishe. "Katunge, nikuulize. Huyo mtu, uso wake ulikuwa namna gani?"

Sikumwelewa mara moja.

"Nimemheshimu miaka yote," alisema. "Sasa anaingia kwa udongo. Niambie tu nijue alikuwa nani."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi juu ya uso ule, na mengi hayakuwa mazuri. Paji lake, pua yake, namna alivyonuna. Nilianza moja nikaliacha, nikaanza lingine. Mwishowe nilisema kile ambacho mpishi wa Makindu alikisema, na madereva, na kila mtu isipokuwa huyu mmoja aliyenilea.

"Ni huu hapa, Susu. Uso wake ni huu wangu."

Aliniangalia. Aliweka kiganja chake kikavu kwenye shavu langu, akakipitisha kwenye paji, akakishusha kwenye pua, taratibu, kama anavyochambua pojo. Kutoka upande wa kaburi tulisikia kamba za jeneza zikianza kulegezwa na wanaume wakiambiana pole pole. Susu aliondoa mkono. Akashika pindo la leso, akaivuta mbele ikapita nyusi, ikapita macho, ikafunika uso wote, na kunigeuzia bega. Nilibaki nimechuchumaa pale mbele yake, nikiwa na uso wa Baba, na sikujua pa kumpishia.